SOMO LA KUMI NA MBILI: KURUDI KAZINI BAADA YA KUPASULIWA MGUU

Mkoani Katavi mvua za kupandia huanza kunyesha mwezi wa Novemba. Mkulima asiyeonekana shambani wakati huo atanunua chakula mwaka unaofuata. Sasa fikiri juu ya mkulima aliyevunjika mfupa wa muundi tarehe 15 Septemba. Pengine alianguka na pikipiki, pengine aliangukiwa na gogo. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akawekewa chuma. Novemba inapofika maumivu yamepungua na kidonda cha nje kimefunga. Jembe liko mlangoni. Je, aende shamba au akae nyumbani?

Watu wengi hujibu swali hili kwa njia mbili, na zote mbili zina hasara. Mmoja hushika jembe siku ile ile maumivu yanapopungua. Mwingine huogopa, akalala kitandani miezi mingi, mpaka goti linakuwa gumu na paja linakonda. Somo hili linaonyesha njia ya tatu. Njia hiyo ni kurudi kazini kwa hatua.

1. Chuma hushika, mfupa huunga

Zamani mtu aliyevunjika paja alilala kitandani wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito. Njia hiyo bado hutumika mahali pengine. Lakini aliyepasuliwa huwekewa bamba la chuma lenye skrubu, au msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa. Huyu huweza kuinuka kitandani mapema. Hilo ni jambo jema sana. Hatari yake ni kwamba mtu hujiona amepona, kumbe bado.

Chuma hakiungi mfupa. Kazi yake ni kushika vipande vikae mahali pake. Mfupa hujiunga wenyewe, polepole. Siku za kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Baada ya wiki mbili au tatu mfupa mpya huanza kujengeka, lakini bado ni laini. Kisha huzidi kuwa mgumu wiki hata wiki. Kwa mtu mzima, mfupa wa muundi au wa paja kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga vizuri, na wakati mwingine zaidi. Mifupa ya watoto huunga haraka kuliko hiyo.

Chukua kipande cha waya. Kipinde, kinyooshe, kipinde tena. Mwishowe kitakatika. Chuma kilichomo mguuni nacho ni hivyo hivyo. Mtu akikielemea kila siku kabla mfupa haujaunga, kinaweza kupinda au kukatika. Hapo atapasuliwa mara ya pili, na hesabu ya miezi itaanza upya. Atakuwa amepoteza msimu huu, na pengine msimu ujao pia.

2. Soma kadi yako

Wewe umejifunza kusoma. Basi kadi ya hospitali isiwe kazi ya mtu mwingine. Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, mwombe daktari akueleze mambo haya matatu, na yaandikwe:

(a) Mguu uukanyagie kiasi gani? Yako makundi manne: kutokanyaga kabisa, kugusisha tu, kukanyaga nusu ya uzito, na kukanyaga kwa uzito wote.

(b) Kiasi hicho ni kwa wiki ngapi?

(c) Tarehe ya kurudi kupigwa picha ni ipi?

Usifuate masharti ya jirani yako. Mwenye msumari ndani ya mfupa pengine huruhusiwa kukanyaga mapema. Mwenye bamba mara nyingi huambiwa angoje wiki 6 hadi 12. Daktari aliyekupasua ndiye anayejua alichoweka na jinsi mfupa ulivyovunjika.

Ukiambiwa ukanyage kilo 10 tu, utajuaje? Nenda zahanati ambako pana mizani ya kusimama. Simama kwa mguu mzima na magongo, kisha weka mguu uliopasuliwa juu ya mizani mpaka isome 10. Rudia mara kadhaa mpaka mwili uzoee.

Siku ya kupigwa picha usikose, hata kama huumwi. Kutoumwa si ushahidi kwamba mfupa umeunga. Nauli ya kwenda Mpanda mjini ni ndogo kuliko gharama ya kupasuliwa tena.

3. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kazi ya kukaa. Hii huweza kuanza wiki chache baada ya kutoka hospitali, maumivu yakipungua. Pukuchua mahindi, chambua maharage, suka kamba, au andika hesabu za kikundi. Weka mguu juu ya kigoda ili usivimbe. Usikae muda mrefu bila kujongea. Kila saa chezesha vidole na kifundo cha mguu, na kunja goti kama ulivyoelekezwa.

Hatua ya pili ni kazi ya kusimama kidogo. Ngoja ruhusa ya kukanyaga. Uza dukani, pika, pima mazao, simamia vibarua. Simama, kisha kaa. Mguu ukivimba jioni na uvimbe ukashuka asubuhi, kazi ya jana ilizidi kidogo. Ipunguze.

Hatua ya tatu ni kazi nyepesi ya shamba. Ngoja picha ionyeshe kwamba mfupa unaunga na daktari akubali. Anza na palizi ya nusu saa mahali pa tambarare. Ongeza kidogo kidogo kila wiki.

Hatua ya nne ni kazi nzito. Hizi ni kubeba magunia, kung'oa visiki, kushuka katika mashimo ya dhahabu, na kupanda miti kutundika mizinga. Kazi hizi ziwe za mwisho kabisa.

Dereva wa bodaboda naye asijidanganye kwamba kazi yake ni ya kukaa. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Wa kushoto hubadilisha gia. Pikipiki ikisimama, miguu ndiyo huizuia isianguke. Mguu usioweza kukanyaga ghafla na kwa nguvu haujawa tayari kubeba abiria.

4. Magongo, chakula na tumbaku

Magongo yanaweza kutengenezwa na fundi seremala. Juu ya gongo pawe chini ya kwapa kwa vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na mikono, si makwapa, maana kulalia makwapa huumiza mishipa ya fahamu. Chini vika mpira, hasa wakati wa tope. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu mgonjwa.

Mfupa mpya hujengwa kwa chakula. Kula maharage, mayai, maziwa na mboga za majani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni chakula kizuri sana kwa mgonjwa huyu, kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao.

Katavi tunalima tumbaku, kwa hiyo jambo hili litazamwe sana. Sumu ya tumbaku inayoitwa nikotini hubana mishipa ya damu, na mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga. Acha kuvuta, angalau mpaka upone. Tena nikotini hupita katika ngozi ya mtu anayechuma majani mabichi yenye maji. Kwa hiyo kuchuma tumbaku isiwe kazi yako ya kuanzia.

Usikubali mtu aukande mguu wako kwa nguvu, aunyooshe, au aufunge kwa kubana. Mahali palipowekwa chuma si pa kuchezewa.

5. Nani atalima shamba?

Hili ndilo linalowatoa wagonjwa wengi kitandani kabla ya wakati. Kwa hiyo familia ipange mapema, si mvua ikishanyesha. Kaeni na majirani au kikundi chenu. Wao walime shamba lako kwa zamu, nawe ulipe kwa kazi ya kukaa sasa, au kwa siku za kulima ukipona. Andikeni siku hizo katika daftari ili pasiwe na ugomvi. Punguza eka mwaka huu. Chakula kwanza, zao la biashara baadaye.

Kama umeajiriwa, ijue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara wote, na siku 63 zinazofuata nusu mshahara. Lazima uwe na cheti cha daktari. Kama uliumia kazini, mwarifu mwajiri wako bila kuchelewa. Iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake huchangiwa na waajiri. Mchango huo haukatwi katika mshahara wako. Unaporudi, mwombe daktari aandike kazi unazoweza na kazi usizoweza.

6. Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje tarehe yako ukiona mojawapo ya haya:

- Kidonda kinatoa usaha, au una homa.
- Umesikia mlio mguuni, au maumivu makali yamerudi ghafla.
- Mguu umepinda au umekuwa mfupi.
- Vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi, au vimekufa ganzi.
- Shavu la mguu limevimba na kuuma sana, au unapumua kwa shida. Pengine damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo huua.

Ndugu msomaji, msimu mmoja wa kulima nusu shamba unaweza kufidiwa na msimu mwingine. Mguu ulioharibika ni hasara ya maisha. Kama yuko mtu kijijini kwako aliyepasuliwa mguu, nenda umsomee somo hili, kisha mwulize siku gani mkalime kwake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kazi ya chuma ni nini, na kazi ya mfupa ni nini?
2. Mtu alipasuliwa tarehe 15 Septemba. Wiki 12 zitatimia tarehe gani? Wakati huo kazi gani zinaendelea kijijini kwenu?
3. Tajeni kazi tano za hapa kijijini. Kila moja iko katika hatua ya ngapi?
4. Kwa nini tarehe ya kupigwa picha isikoswe hata na mtu asiyeumwa?
5. Jirani yenu amevunjika mguu na mvua imekaribia. Kikundi chenu kitamsaidiaje? Andikeni mpango wenu katika daftari.