Tumbo Likiuma Mpaka Mugongoni, Usingojee Siku ya Tatu



Wakati wa mavuno mutu anaumwa tumbo, anasema: "Itapita, nimalize kwanza shamba." Mara mingi inapita kweli. Lakini iko ugonjwa mumoja wenye haungojewi: kuvimba kwa kongosho. Kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula. Inatengeneza maji ya kusaga chakula, na inapima sukari katika damu.

Masaa ya kwanza. Maji yale yanaanza kazi ndani ya kongosho yenyewe na kuiunguza. Maumivu makali yanashika juu ya kitovu, yanafika mugongoni. Mugonjwa anatapika, anajikunja.

Siku ya 1 na ya 2. Maji yanatoka katika mishipa ya damu, mwili unakauka. Hapa serumu ikiwekwa mapema inasaidia sana.

Juma la kwanza. Kwa wagonjwa kama 8 kati ya 10, uvimbe unashuka. Kwa wengine, figo na mapafu vinachoka: mukojo unapunguka, pumzi inakuwa fupi. Hapo mutu anaweza kufa.

Kisha majuma 2. Sehemu iliyokufa ndani inaweza kuingiliwa na mikrobe. Homa inarudi, hata kama mugonjwa alikuwa anajisikia vizuri.

Miaka. Ikirudia-rudia, kongosho inaharibika kabisa: mutu anakonda, choo kinakuwa na mafuta, sukari inapanda katika damu.

Inatoka wapi? Sababu kubwa ni mawe ya nyongo na pombe nyingi, kama lutuku. Tena minyoo mirefu ya tumbo inaweza kuziba mufereji wa kongosho. Basi choo safi na kunawa mikono ni kinga pia.

Tufanye nini?
– Usimupe mugonjwa pombe "ya kutuliza". Usimupige lavema ya miti.
– Andika saa maumivu yalianza.
– Siku ileile mupeleke kituo cha afya. Munganga ataweka serumu na kumutuma ospitali kuu kama inafaa.
– Akipona, aache pombe kabisa.

Maulizo kwa kikundi: Mumoja wetu akishikwa usiku, nani ana pikipiki? Sanduku la koperative linaweza kukopesha pesa ya safari siku ileile? Mupatane leo, mbele ya mavuno.