Sola kwa Biashara Ndogo: Hesabu ya Mchana na Hesabu ya Usiku

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilitandaza paneli juu ya mapaa yake na kupata mtambo wa kilowati 600. Mwaka huohuo shamba la chai la Changoi, kaunti ya Bomet, lilifunga mtambo wa takribani megawati 1 unaosaidiana na gridi na jenereta. Umeme wa jua ukizalishwa hutumika papo hapo, na bili au gharama ya dizeli hupungua siku hiyohiyo.

Mwenye duka, saluni au bucha naye aanzie hapo: kazi yake kubwa ni ya mchana au ya usiku? Bei ya paneli imeshuka sana, na iliyo bora hudumu miaka 25 hata zaidi. Kinachomaliza fedha za watu ni betri.

Chukua banda la kinyozi. Mashine mbili za kunyolea za wati 15 zikifanya kazi saa 8 zinakula wati-saa 240. Televisheni ya wati 60 kwa muda huohuo, 480. Ukiongeza taa za jioni na simu za wateja zinazochajiwa, jumla inakaribia wati-saa 1,000, yaani uniti moja. Siku ya jua zuri, paneli ya wati 300 inatosha. Jirani yake mwenye saluni ya kike akiwasha draya ya wati 1,500 kwa saa moja tu, ameshampita kinyozi wa kutwa nzima. Fundi anayetaja bei kabla hajauliza dukani mna vifaa gani, aachwe aende zake.

Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hubeba, kwa maandishi, wati-saa 1,200. Ikizoea kukamuliwa chini ya nusu inakufa mapema, hivyo kinyozi ahesabu 600. Ya lithiamu huvumilia kutumika asilimia 80 au zaidi na huishi miaka mingi kuliko hiyo, ila bei yake ya kuanzia inauma.

Friji nayo ina vituko vyake. Kompresa inapoamka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko, na inveta ndogo hujizima hapohapo. Soda zinabaki vuguvugu, lawama inabebeshwa jua.

Dar es Salaam, paneli zielekee kaskazini na kuinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tangi la maji au tawi la mwembe kikiangukia paneli moja kinaweza kushusha umeme wa zote zilizounganishwa mfululizo. Fundi awe na leseni: Kenya hutolewa na EPRA, Tanzania na EWURA.

Mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu umewapa umeme wengi ambao wasingemudu bei ya mkupuo. Hata hivyo mkataba usomwe wote, kwani jumla ya malipo hupita bei ya taslimu, na malipo yakichelewa mtambo unaweza kuzimwa kwa mbali, hata Jumamosi wateja wakiwa wamejaa. Bei pia hufuata bajeti za serikali. Kenya iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola mwaka 2020, ikaurudisha 2021.

Betri ya asidi ikifa, risasi iliyomo ndani bado ni sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaathiri wakazi kwa risasi, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri kuukuu isimwagwe asidi uani wala kupewa mnunuzi yeyote wa vyuma chakavu apitaye. Wapo wauzaji wanaoipokea na kupunguza bei ya mpya. Mteja aulize hilo siku ya kununua, na liandikwe kwenye risiti.