Nia ya Kuacha Sigara na Watu wa Nyumbani

Aghlabu mvutaji sigara hulaumiwa kwa udhaifu wa azma, kana kwamba nia huzaliwa na kukua moyoni mwake peke yake. Lawama hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtaalamu Icek Ajzen, katika maelezo yake ya mwaka 1991, aliitegemeza nia juu ya mambo matatu: namna mtu anavyolitazama jambo lenyewe, namna anavyodhani watu wake wa karibu wanalitazama, na kiasi anachojiona kuwa na uwezo wa kulitenda.

Hilo la pili ndilo linalosahauliwa majumbani. Katika mji wa Framingham, Marekani, mtandao wa watu 12,067 ulichunguzwa tangu mwaka 1971 hadi 2003, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Mume au mke alipoacha sigara, uwezekano wa mwenziwe kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Alipoacha rafiki, kwa asilimia 36. Alipoacha ndugu, kwa asilimia 25. Walioacha, waliacha kwa makundi.

Mfano ulio karibu zaidi ni Ramadhani. Mtu adaiye kwamba hawezi kukaa saa moja bila ya sigara huiacha tangu alfajiri hadi magharibi, tena katika joto la Ghuba, wala hakupewa dawa. Anaitakidi kuwa jambo hilo halina mjadala, na mbele yake hakuna anayewasha. Lakini jua likishatua, baada ya tende na kahawa, kisahani cha majivu huletwa barazani kwa jina la ukarimu, na pengine shisha pamoja nacho. Hapo azma ya mgeni huvunjwa na mwenyeji wake. Huo si ukarimu.

Shauku ya nikotini huwa kali siku chache za mwanzo, kisha hupungua katika muda wa wiki mbili hadi nne. Basi Ramadhani moja ingeweza kumfikisha mbali, lau usiku nao ungelindwa kama mchana.

Wapo wanaojituliza kwa kusema kwamba tumbaku ni makruhu tu. Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyeteuliwa kuwa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975, amefutu kuwa ni haramu. Anayeikubali fatwa hiyo kwa ulimi, kisha akamtuma mwanawe dukani kumnunulia sigara, amekwisha kumfundisha mtoto msimamo mwengine. Na watu wa nyumbani, wamwonapo ameanza kuacha, wakiondoe kisahani na waivumilie hasira yake ya siku hizo za mwanzo.