Mnyama Akimvaa Mtu, Nani Atamvua?

USHAURI

Mimi ni kijana wa Kamango. Nilipokuwa nasoma Butembo nilijifunza mchezo wa mezani wa kuigiza: mmoja anasimulia, wengine kila mtu anaendesha mhusika wake, na dadu inaamua mambo. Niliporudi nyumbani nikawafundisha wenzangu, sasa tunacheza kila Jumamosi. Nimebuni mnyama wangu mwenyewe, Mvaa-Watu. Ni kimelea kinachoingia usiku ndani ya nyumba, kinamvaa mtu kama nguo na kutembea naye. Mara ya mwisho nilimnong'oneza rafiki yangu mmoja kwamba mhusika wake ameshavaliwa, na asiwaambie wengine. Mchezo ulinoga kweli. Wakashukiana, wakapiga kura, wakamchoma. Shida ni kwamba mpaka leo wanamwita Mvaa-Watu hata sokoni, naye hataki tena kuja. Dada yake aliwahi kuugua Ebola akapona, na aliporudi nyumbani watu walikataa kula naye. Mama yangu naye anasema mchezo wenyewe ni uchawi. Je, nimfute huyu mnyama?
Msimulizi, Kamango

Ndugu yangu Msimulizi,

Usimfute. Mrekebishe. Kasoro ya Mvaa-Watu ni moja tu: umempa mlango wa kuingilia, hukumpa wa kutokea. Akishamvaa mtu hakuna dalili ya kumtambua, hakuna kipimo, hakuna dawa. Wenzako walibaki na nini? Kura na moto. Na kwa kuwa mnyama hakuwa na alama yoyote ya kwake, walimtafuta usoni mwa rafiki yao. Ndiyo maana jina limemganda hata baada ya dadu kurudishwa mfukoni.

Wanyama wa namna hii wana ukoo mrefu. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, na haikupita miaka mingi mchezo huo ukapata mnyama mwenye umbo la ubongo wenye miguu minne, anayeteka mwili wa mtu na kuuendesha. Kwenye sinema, anayekumbukwa zaidi ni yule wa The Thing, filamu ya John Carpenter ya mwaka 1982. Wanaume wamekwama kwenye barafu ya Antaktika, hawajui nani kati yao ameshageuzwa. Mmoja wao anakusanya damu ya kila mtu kwenye visahani, anapasha waya moto, anauchovya kisahani kimoja kimoja. Damu ya mtu inatoa mvuke tu. Damu ya mnyama inaruka. Watazamaji wanabana pumzi kwa sababu wanajua jibu linakuja, na litatoka kwenye kisahani, si kwenye kelele za walio wengi. Hicho ndicho meza yako ilichokosa.

Kama unataka kimelea chenye mantiki, huna haja ya kwenda mbali. Kongo ndiyo iliyobeba wagonjwa wengi zaidi wa malale duniani. Mwaka 1998 peke yake waligunduliwa zaidi ya 26,000 hapa nchini. Tangu 2018, wanaoripotiwa dunia nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka. Angalia kimelea cha ugonjwa huo kinavyofanya kazi, utakuta nusu ya mnyama wako imeshabuniwa. Mbung'o anamnyonya mgonjwa, kisha kimelea kinakomaa ndani ya mbung'o kwa wiki kama tatu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kikiingia mwilini, kwanza kinakaa kwenye damu na matezi. Homa inakuja, inaondoka. Tezi za nyuma ya shingo zinavimba, ndiyo maana timu za uchunguzi zikifika kijijini hupapasa shingo za watu.

Kuna ujanja wake mmoja ambao ningeuchukua mzima mzima. Kimelea hiki kimevaa koti la protini. Kinga ya mwili ikishalizoea koti hilo inakishambulia, lakini vimelea vichache vilivyokwisha kubadilisha koti vinaponyoka, vinazaana, na homa inaanza upya. Makoti ya akiba yamo kwenye jeni zake kwa mamia. Miezi au hata miaka baadaye kinavuka hadi kwenye ubongo. Hapo mgonjwa anasinzia mchana kijiko kikiwa mkononi, usiku anakesha akizunguka uani, anawafokea watu aliowapenda. Nyumbani wanasema huyu si yeye tena.

Kumbe bado ni yeye, na anaweza kurudi. Zamani dawa ya hatua hiyo ilikuwa melarsoprol, sindano yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100. Leo wagonjwa wengi wanatibiwa kwa fexinidazole, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula. Sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika hapa hapa Kongo.

Ukitaka kuongeza hofu, waazime kuvu wanaoteka sisimizi katika misitu ya joto na kuwapandisha kwenye majani ili wafie huko. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuvu hao wanaizunguka na kuipenya misuli ya mdudu, lakini ubongo hawauingii. Fikiria hilo mezani: Mvaa-Watu ameshika mikono na miguu, lakini akili ya aliyevaliwa ipo, inaona kila kitu. Mchezaji wako hageuki adui. Anageuka mfungwa ndani ya mwili wake, anayetafuta namna ya kuwapa wenzake ishara. Hiyo ni kazi nzuri zaidi kuliko ile uliyompa ya kudanganya marafiki.

Sasa mwandike upya hivi. Kuingia: mnyama apatikane mahali wachezaji wanapoweza kupakwepa, tuseme kwenye maji ya pango fulani, na akae siku kadhaa kabla ya kuamka. Dalili: toa tatu, na ziwe za kuonekana, mfano kusinzia mchana, tezi shingoni, kusahau jina la mnyama wake wa mzigo. Dalili moja peke yake isitoshe kumtia mtu hatiani, kwa kuwa hata mchovu husinzia. Kipimo: wachezaji wakitafute safarini, kiwe na gharama, na Mvaa-Watu akibadilisha koti kipimo cha jana kisifanye kazi leo, mpaka watafute kingine. Kupambana: kila asubuhi aliyevaliwa atupe dadu ya pande 20, akipata 15 kwenda juu, mwili unamtii kwa muda wa kutosha kusema neno moja la kweli. Kutoka: dawa iwepo, iwe ngumu kuipata, na imwache aliyepona na kitu cha thamani. Kwa mfano, Mvaa-Watu asiweze kumwingia tena, na yeye pekee aweze kumgusa mnyama huyo kwa mikono mitupu.

Hili la mwisho sikulitunga hewani. Uliona mwenyewe yaliyopita kwetu kati ya tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini, na tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, watu zaidi ya 2,200 wakiwa wamekufa. Wapo walioamini kwamba watu wa riposti, yaani timu za kupambana na Ebola, wanaiba viungo vya maiti. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Wakati huohuo Beni kulikuwa na vyumba vya plastiki angavu vilivyoletwa na shirika la ALIMA, vyenye mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani. Muuguzi aliingiza mikono kutoka nje akamhudumia mgonjwa, na mama wa mgonjwa akasimama hatua chache akimwona mwanawe anapumua. Kile kilichofichwa nyuma ya maturubai kilizaa uvumi. Kilichoonekana kilipunguza hofu. Na Butembo, karibu na kituo cha matibabu, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walibebwa na kulishwa na watu waliopona Ebola, kwa sababu wao waliweza kuwashika bila kuogopa kama wengine. Wale waliokimbiwa ndio waliohitajiwa kuliko wote. Dada wa rafiki yako ni mmoja wa hao waliopona. Kwa hiyo kaka yake alipochomwa mezani, hakusikia mchezo. Alisikia majirani.

Kuna jambo jingine ningelibadilisha: mnyama anayeingia usiku ndani ya nyumba. Kamango ilivamiwa Julai 2013, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Hatari za barabara ya Mbau-Kamango unazijua bila mimi kukueleza. Mezani kwako pana watu ambao mlango unaogongwa usiku kwao si hadithi. Mpeleke mnyama pangoni, ng'ambo ya mto, kwenye ufalme usiokuwepo, na usitumie majina ya vijiji vyetu. Weka pia katikati ya meza kadi yenye alama ya X, mtindo uliobuniwa na Mmarekani John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, tukio linarukwa, na hakuna anayemdai maelezo.

Kuhusu mama yako, usibishane naye kwa maneno. Mwalike Jumamosi moja akae, aone dadu, karatasi na kalamu, asikie vijana wanavyohesabu na kucheka. Mwambie wazi kwamba mezani hakuna anayeapishwa, hakuna anayeitwa kutoka kuzimu. Lakini wasiwasi wake una sehemu ya haki, nawe uikubali mbele yake: kwetu mtu kuitwa mchawi kumewahi kumgharimu maisha, na wewe ulianzisha mchezo ambamo walio wengi wanampata mchawi kwa kura. Mwambie umebadilisha sheria hiyo, na umwonyeshe sheria mpya.

Kwa rafiki yako, nenda wewe mwenyewe, peke yako, kabla ya Jumamosi. Usimtumie ujumbe wa simu wala usimpelekee kundi zima. Mwombe radhi kwa kumpa siri ambayo ilimwacha peke yake mbele ya wenzake. Kisha waambie wengine kwamba jina lile linabaki kwenye karatasi ya mnyama, na atakayemwita mtu kwa jina hilo sokoni hana kiti mezani. Yeye usimshurutishe kurudi. Akikubali, mpe mhusika wake uhai tena kwa sheria mpya: moto ulimuua mnyama, mtu alitoka. Aanze safari akiwa ndiye pekee anayekijua kimelea kutoka ndani, na wale waliomchoma wamhitaji ili kupata kipimo. Akikataa, endelea kumtembelea kama zamani, na mnyama mpe sheria hizo hata kama yeye hatakuwepo kuzitumia.

Mshauri wako