Somo kwa Makatibu na Wahasibu wa Vyama: Kubadili Kisoma Diski cha Kompyuta ya Ofisi

Mwanachama hufika ofisini na stakabadhi yake ya zamani, akidai kwamba katika msimu fulani alikatwa fedha za pembejeo mara mbili. Katibu hana daftari la kufungua, kwa kuwa hesabu za msimu ule ziliingizwa katika kompyuta na nakala yake ikachomwa katika CD. CD ipo kabatini, na kompyuta ipo mezani. Lakini diski ikitiwa ndani, mashine hunguruma kidogo, taa yake humetameta, kisha hunyamaza. Mwanachama huondoka na mashaka yake, na mashaka ya namna hiyo hayakawii kufika katika mkutano mkuu.

Kifaa kilichoshindwa hapo ni kile kisanduku cha mbele chenye sinia ya kutoka na kuingia, ambacho katika somo hili kinaitwa kisoma diski. Kukibadili si kazi ya nusu siku. Katibu mwenye bisibisi na mkono mtulivu aweza kuimaliza kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo, vyama vingi vya msingi, kuanzia milima ya Umatengo hadi ukingo wa ziwa huko Liuli na Mbamba Bay, huiacha kompyuta vivyo hivyo kwa miaka, au huibeba nzima hadi mjini na kumwachia fundi pamoja na hesabu zote za wanachama zilizomo. Njia zote mbili hazifai. Wazee wanaokumbuka jinsi vyama vikuu vilivyovunjwa mwaka 1976, hata vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, hawahitaji kuelezwa thamani ya kumbukumbu zilizotunzwa.

Kabla ya kununua chochote, hapana budi kuthibitisha kwamba kisoma diski ndicho kibovu. Endapo sinia haitoki na taa haiwaki kabisa, aghalabu kosa ni la waya wa umeme uliolegea ndani. Endapo sinia yatoka lakini diski haisomeki, ijaribiwe diski nyingine inayojulikana kuwa nzima. Diski yenye vumbi ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu maandishi mengi zaidi. Yapo pia maradhi yanayowashangaza wengi: kifaa husoma DVD vizuri na kukataa CD, au kinyume chake. CD husomwa kwa mwali wa leza usioonekana kwa macho, na DVD kwa mwali mwekundu. Mmoja waweza kufa na mwingine ukabaki hai. Kifaa cha namna hiyo kimekwisha, hata kama chaonekana kizima. Asiwepo mtu wa kukifumua na kuchungulia kikiwa na umeme, kwa sababu mwali usioonekana hudhuru jicho bila kumwonya mwenyewe.

Ofisi iliyopakana na ghala la kahawa hupata vumbi jingi la maganda, na vumbi hilo hutua juu ya kijilenzi cha kusomea. Mara nyingine kupuliza kwa pampu ndogo ya mkono hutosha kuahirisha ununuzi kwa msimu mzima.

Likithibitika kosa, kamati iandike uamuzi wake katika muhtasari, na uandikwe kwa maneno kamili. Hapa Mbinga herufi CPU zina wenyewe wawili: mafundi wa kompyuta huliita hivyo boksi la mashine, na wakulima huuita hivyo mtambo wa kati wa kumenya kahawa mbivu. Muhtasari unaosema tu kwamba “kifaa cha CPU kinunuliwe” waweza kuifanya gharama ya ofisi ibebwe na hesabu ya mtambo, na mkaguzi akalazimika kuuliza maswali ambayo sentensi moja ingeyazuia.

Sasa jambo ambalo wengi hukosea, nalo ni aina ya waya. Visoma diski vya zamani, aina iitwayo IDE, huunganishwa kwa utepe mpana wa kijivu wenye matundu 40, na umeme huingia kwa kichwa cha pini nne. Vya aina ya SATA, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2003, hutumia waya mwembamba wenye njia saba kwa taarifa, na kichwa bapa cha njia 15 kwa umeme. Haviingiliani. Ukubwa wa nje ni ule ule, matundu ya skrubu ni yale yale, na kwa hiyo mnunuzi aliyetazama sura tu hurudi kutoka Songea na kifaa kinachoingia vizuri katika nafasi yake lakini hakina pa kuchomekwa. Nauli imekwenda, na muuza duka hakubali kurudishiwa.

Dawa yake ni nyepesi: kichomolewe kisoma diski kibovu, na chenyewe ndicho kipelekwe dukani kama kielelezo. Boksi lenye hesabu libaki ofisini, limefungiwa. Maadamu vifaa vingi vya IDE vinavyouzwa siku hizi vimetolewa katika mashine zilizokwisha kutumika, kijaribiwe palepale dukani kwa diski mbili, moja ya kiwandani na moja iliyochomwa kwa kompyuta, kwa kuwa kifaa kilichochoka huweza kuisoma ya kwanza na kushindwa na ya pili. Diski pekee ya chama isitumiwe kwa jaribio hilo.

Kwa kazi yenyewe yafaa wawepo watu wawili, katibu na mjumbe mmoja wa kamati. Mashine izimwe kwa utaratibu wake, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliosalia ndani uishe. Ubavu wa boksi ufunguliwe. Kabla ya kugusa kitu, mwenye kufanya kazi aguse kwanza chuma kitupu cha boksi, maana mwili wa mtu huchukua umeme mdogo asiouhisi ambao waweza kuua sehemu laini za ndani. Kisha ipigwe picha kwa simu kuonyesha kila waya ulipo. Kile kisanduku kingine ambamo waya wa ukutani huingia kisifunguliwe kabisa; hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Waya huvutwa kwa kushika kichwa chake, si kwa kuvuta uzi. Vichwa vya pini nne vya mashine kuukuu hung’ang’ana. Vitikiswe taratibu kulia na kushoto. Skrubu huwa mbili kila upande, na nyingine hufichwa nyuma ya ubavu wa pili. Ziwekwe katika kikombe, mbali na zile za boksi, kwa sababu skrubu za kisoma diski zina hesi nyembamba na zile za boksi aghalabu ni nene. Kulazimisha moja mahali pa nyingine huharibu tundu milele. Katika mashine nyingi kifaa hutoka kwa mbele baada ya kubandua uso wa plastiki.

Kabla ya kukiingiza kipya cha aina ya IDE, kitazamwe mgongoni. Pana kijiplastiki kinachofunika pini mbili, na juu yake herufi MA, SL na CS. Kikalishwe pale kilipokuwa katika kifaa cha zamani. Utepe una mstari wa rangi kwenye ukingo mmoja, na kwa kawaida mstari huo huelekea upande wa tundu la umeme. Kwa SATA hakuna habari hizo. Vichwa vyake vimekatwa kwa umbo linalokubali upande mmoja tu.

Wenzetu wa ziwani wana tahadhari yao ya ziada. Mbinga mjini ni baridi, hasa Juni na Julai, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, penye joto na unyevu. Kifaa kilicholala dukani kwenye baridi kikiteremshwa Mbamba Bay asubuhi na kufunguliwa mara moja, huota umande kama chupa ya soda. Kibaki ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka kipate joto la mahali, na kisiwashwe kabla ya hapo.

Chama chenye diski chache tu za kunakili, na kisicho na haja nyingine ya kisoma diski, hakilazimiki kununua. Kuna vya nje vinavyochomekwa katika tundu la USB, na kimoja kilichonunuliwa na chama kikuu chaweza kuzungushwa katika vyama vya msingi kwa daftari la kuazima. Kwa vyama vidogo hiyo ndiyo njia ya akili, ingawa makatibu wengi hupenda kuwa na cha kwao.

Mashine ikisharudi katika hali yake, kazi ya kwanza isiwe muziki wa kwaya. Diski zote za chama zinakiliwe siku hiyo hiyo, kwa kuanza na za zamani zaidi. CD huchukua kiasi cha megabaiti 700, hivyo diski kumi huenea katika flashi moja ndogo na nafasi hubaki. Diski ya kuchomwa huandikwa katika tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga. Iliyoachwa dirishani yaweza kupotea hata bila mkwaruzo. Nakala ziwe mbili na zikae mahali pawili, moja nje ya ofisi. Diski iliyokataa isitupwe, kwa sababu iliyoshindikana katika kifaa kimoja mara nyingine husomeka katika kingine. Na upande wa juu usiandikwe kwa kalamu ya ncha kali: katika CD maandishi ya hesabu yamelala chini kidogo tu ya lebo.

Kifaa kipya kiingizwe katika rejista ya mali pamoja na namba yake, stakabadhi ikabidhiwe mhasibu, na cha zamani kiandikwe kuwa kimeondolewa. Kabla hakijaenda stoo, kitazamwe mbele, ambapo pana kitundu kidogo kama cha sindano. Pini ya karatasi iliyonyooshwa ikisukumwa humo, sinia hutoka hata bila umeme. Yawezekana diski ya msimu unaotafutwa imelala humo ndani.