Kazi na Fedha Zisitengane

Mzee akimkabidhi mwanawe shamba na kumwambia, "Lilime, nami nitakudai mavuno," kisha jembe na mbegu akavifungia chumbani mwake, je, amempa mwanawe shamba? Hasha, amempa lawama tu. Ndivyo ilivyo serikali ya mahali inapopewa kazi pasipo fedha za kuitimiza. Ndugu msomaji, na tulitafakari jambo hili kwa kuitazama historia ya nchi yetu.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru wake chini ya katiba ya majimbo. Majimbo yalikuwa saba, na kila moja lilikuwa na baraza lake. Chama cha KADU kiliyatetea, kwa hofu ya makabila madogo kumezwa na makubwa. Chama cha KANU, kilichoshika serikali, hakikuyapenda. Lakini kwa fedha na watumishi majimbo yaliitegemea Nairobi, na mtegemea cha ndugu hufa maskini. Novemba 1964 KADU ilijivunja, na marekebisho ya katiba ya mwaka huo yakayaondolea majimbo kodi zake yenyewe. Toka hapo yalibaki jina tu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 haikuliacha jambo hilo kwa hisani ya mkubwa. Iliunda kaunti 47, ambazo serikali zake zilianza kazi mwaka 2013, ikazikabidhi zahanati na hospitali nyingi, kilimo, na barabara ndogo. Kisha ikaamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zipewe si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Kanuni ya kugawana fungu hilo huamuliwa na Seneti, baada ya kupokea shauri la tume iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Hata hivyo mizani haijatulia. Kodi zenye uzito, yaani ya mapato, ya bidhaa na ya forodha, hutozwa na serikali ya taifa. Kaunti zina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma. Kwa hiyo fungu la Hazina likichelewa, dawa huadimika na watumishi hukosa mishahara. Tena mwaka 2020 Maseneta walishindana kwa miezi: je, fedha zifuate zaidi wingi wa watu, au upana wa nchi na umaskini wake? Walipatana Septemba, baada ya kuahidiwa kwamba fungu la kaunti lingeongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata. Kila upande ulikuwa na haki yake, kwa maana penye watu wengi wagonjwa ni wengi, na penye nchi pana kisima ki mbali.

Kanisa lina neno katika jambo hili. Baba Mtakatifu Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kwamba ni udhalimu jamii kubwa kuinyang'anya jamii ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Wajibu wa kubwa ni kuisaidia ndogo. Hata Musa, aliposhauriwa na mkwewe Yethro, alikubali kuwagawia wengine mzigo wa kuwaamua watu. Basi anayegawa mzigo na agawe pia nguvu za kuubeba.

Lakini fedha peke yake si dawa. Kuhamisha mfuko kutoka mkono mchoyo kwenda mkono mwizi si haki. Kwa hiyo Hazina yapaswa kulipa kwa wakati wake, bila kusukumwa. Gavana yampasa kutoa hesabu ya kila shilingi. Na wewe, Mkristo, yakupasa kuhudhuria mikutano ya makadirio ya fedha, ambayo katiba yakupa haki ya kusema humo, wala usingoje kunung'unika baadaye.

Mama aliyebeba mtoto mwenye homa hadi zahanati haulizi dawa ni ya Nairobi au ya kaunti. Huuliza kama ipo. Jibu atakalopewa ndilo kipimo cha serikali zote mbili.