Kiingereza cha Kazini: Chungulia Herufi za Mbele!

Kidato cha nne kikiisha, wengi wenu wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta mtaanza kusaka kibarua huku mkisubiri matokeo. Huko mtakutana na karatasi za Kiingereza: mkataba, tangazo ukutani, maandishi kwenye kopo la rangi. Kamusi huna mfukoni. Utafanyaje?

Anza na unachokijua. Kiswahili nacho hugeuza maana kwa kiambishi awali. "Analipwa" na "halipwi" yanakaribiana kwa sura, lakini muulize mwenye njaa kama ni mamoja!

Chukua "over". Unaifahamu tangu kwenye daladala, dereva anapoovateki. Ni kupita au kuzidi. Kwa hiyo "overtime" ni saa zinazozidi zile za kawaida, ndiyo ile ovataimu ya mtaani, na "overwork" ni kufanya kazi kupita uwezo wa mwili. "Under" ni kuwa chini. Mtu "underpaid" analipwa chini ya anachostahili, na "underage" hajatimiza umri. Halafu kuna "un", ambayo inakanusha tu: "unpaid" ni bila malipo.

Sasa soma sentensi hii kwenye mkataba: "Overtime is unpaid." Maneno matatu! Wamekuambia kwamba saa za ziada utafanya bure. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema vingine. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, na malipo yake yasiwe chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kama saa yako moja ni shilingi 1,000, ya ovataimu ni 1,500. Ukifanya saa kumi, hiyo ni 15,000 iliyomezwa na herufi mbili tu, "u" na "n".

Mengine ni mepesi. "Re" ni kurudia, hivyo "renew" ni kuufanya upya mkataba uliokwisha. "Mis" ni vibaya. "Misconduct" ni utovu wa nidhamu, neno utakaloliona kwenye barua za kufukuza watu. "Co" ni pamoja, na "co-worker" ni mfanyakazi mwenzako (wako wanaolisoma kama lina ng'ombe ndani yake). Ila usikatekate kila neno. "Understand" si kusimama chini!

Na sasa mtego wenyewe. Shuleni tumekariri kwamba "in" inakanusha. Kweli, "inexperienced" ni mtu asiye na uzoefu, na "incomplete" ni kitu kisichokamilika. Lakini nenda Keko kwa mafundi samani, penye thina na vanishi, ukute kopo limeandikwa "INFLAMMABLE". Kijana mwenye kanuni yake ya shuleni atasoma "haishiki moto", awashe sigara pembeni. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa: inashika moto upesi! Neno hili lina asili ya Kilatini, na "in" ya hapa ni ya kuingia, kama kitu kinavyoingia kwenye miali. "Inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja, yote mawili ni hatari. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable". Hiyo "non" ndiyo ya kuitafuta.

Kwa hiyo kiambishi kinakupa fununu tu, hakikupi uhakika. Ukikwama, uliza kabla ya kusaini au kufungua kopo. Na wala usione haya, maana sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa masharti ya kazi yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna atakayoielewa. "Samahani bosi, naomba unieleweshe hapa" inatosha. Bosi akikuharakisha usaini bila kukueleza, mimi ningeomba kwenda na karatasi nyumbani niisome na mtu.

Haya, zoezi. Kaeni wawili wawili mtafute maana ya maneno haya: "overdue", "unfit", "retrain", "non-smoking", "misuse", "invaluable". Moja kati yake lina mtego uleule wa kopo la Keko.